Kazi Ni Sehemu ya Tiba

Tumekutana hapa Dodoma leo, 10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili Duniani.

Hospitali ya Mirembe, ya wagonjwa wa akili hapa Dodoma, ilianza mwaka 1927. Kwa miaka mingi aliyeletwa alikaa humo hadi watu wa kwao wakamsahau. Baada ya Uhuru nchi yetu ikaanzisha vijiji vya tiba, kama Hombolo hapa Dodoma na Vikuruti kule Dar es Salaam, ili mgonjwa alime na aishi na majirani.

Skizofrenia, mojawapo ya magonjwa ya akili, mara nyingi huanza ujanani, mtu anapotafuta kazi na mwenza. Dawa humpunguzia sauti anazozisikia peke yake, lakini haimpi kipato wala marafiki. Mwaka 1963, huko California, mwanasaikolojia George Fairweather aliwasaidia wagonjwa wa muda mrefu kutoka hospitalini, wakaishi nyumba moja na kuendesha wenyewe biashara ya usafi na bustani. Wakadumu uraiani kwa muda mrefu kuliko wenzao waliopewa huduma ya kawaida, ingawa ugonjwa ulikuwa haujaisha.

Kwa hiyo tusimwambie mtu, "Pona kwanza, kazi baadaye." Aanze kazi huku anaendelea na dawa.

Waajiri, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwenye wafanyakazi 20 au zaidi aajiri wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Mnapohesabu, msiwaruke wenye ulemavu unaotokana na maradhi ya akili. Wapeni ruhusa siku ya kliniki bila kuwakata mshahara.

Halmashauri, katika asilimia 10 ya mapato ya ndani mnayotenga kwa mikopo, asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Vifuateni vikundi vyao huko viliko, muwasaidie kujisajili.

Nanyi wazazi na ndugu, msimfungie mgonjwa ndani. Akilima, mavuno yawe yake. Akiuza, fedha ashike mwenyewe. Kumfanyisha mtu kazi bure kwa jina la tiba ni kumnyonya, na tukikubali hilo tutakuwa tumemtoa hospitalini tukamtia utumwani.

Baada ya kusema hayo, natamka kwamba maadhimisho haya yamefunguliwa rasmi.