Mbwa Mpole na Mlango wa Hoteli



Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya swali moja: je, mbwa mwenye adabu aruhusiwe kuingia hotelini, dukani na mahali pengine pa watu wote? Labda mtu atasema kwamba hilo ni swali la watu wa Ulaya wenye mbwa wa mapambo. Sivyo. Tazameni siku ya gulio hapa Mlalo. Mtu ashuka mlimani na mzigo wake wa kabichi, na mbwa wake yu nyuma yake. Auza, apata fedha, aingia hotelini kunywa chai. Mbwa naye aingia, ajilaza chini ya benchi, hambwekei mtu wala hagusi kitu. Mwenye hoteli asema, "Bwana, mtoe mbwa wako." Mwenye mbwa auliza, "Amekukosea nini?" Watu wengine wacheka, wengine wanyanyua miguu. Basi, ni nani mwenye haki?

Kwanza yatupasa kumtendea mbwa haki yake. Mbwa wa Usambara si mnyama mvivu. Shamba la mahindi lililo karibu na msitu halina mavuno pasipo mlinzi, maana nyani na tumbili huja mchana, na nguruwe mwitu huja usiku. Na mlinzi huyo mara nyingi ni kijana mmoja na mbwa wawili. Mtu anayemtegemea mnyama kwa chakula cha watoto wake hapendi kumwona akifukuzwa kama mwizi, nasi hatumlaumu. Tena adabu ya mbwa ni kitu cha kweli. Mbwa akaaye akiambiwa kaa, asiyeomba tonge, asiyewarukia watu, amefundishwa kwa kazi ya miezi mingi, na bwana wake astahili sifa.

Lakini hotelini hakai mtu mmoja. Wamisionari wa Kijerumani walifungua misheni yao hapa Mlalo mwaka 1891, na Uislamu nao una mizizi katika milima hii. Kwa hiyo katika benchi moja huketi watu wa dini mbili. Waislamu wengi wa Afrika ya Mashariki hufuata madhehebu ya Imamu Shafi, na kwao mate ya mbwa ni najisi nzito: chombo alichokiramba huoshwa mara saba, na mara moja kati ya hizo kwa udongo. Mama mwenye vikombe kumi na viwili na ndoo moja ya maji atafanyaje ikiwa mbwa ameramba kikombe kimoja, naye hajui ni kipi? Wala dini hiyo haimchukii mbwa, kama wengine wadhanivyo. Yaruhusu mawindo ya mbwa aliyefundishwa, na katika habari ya watu wa pangoni iliyomo katika Kurani yumo mbwa aliyenyosha miguu yake ya mbele. Aliinyosha wapi? Kizingitini. Wazee nao walisema kwamba ukimzoea mbwa atakufuata msikitini, na waliosema hivyo walikuwa wamefuga mbwa.

Hata hivyo, tukiacha neno la dini, bado liko neno la afya, na katika Mlalo hatuwezi kulipita upesi. Mwaka 1980 tauni ilizuka katika wilaya ya Lushoto, ikawa yarudi mara kwa mara hata mwaka 2004. Watu walioshikwa walikuwa maelfu, na vijiji vya upande wa Mlalo ni kati ya vile vilivyoonja uchungu wake. Wazee wa leo wayakumbuka majipu ya kinenani na kwapani, na homa iliyomwangusha mtu mzima kwa siku chache.

Tauni ina njia yake, na njia hiyo yapita karibu na mbwa. Kijidudu chake, kilichogunduliwa na daktari Alexandre Yersin katika mji wa Hong Kong mwaka 1894, huishi katika damu ya panya, na viroboto hukichukua wanyonyapo damu hiyo. Panya akifa, kiroboto hakai juu ya mzoga uliopoa. Hutafuta damu nyingine yenye joto. Mahindi yetu twayaweka darini, na panya huyafuata huko huko. Mbwa apita shambani, apekua mashimo, alala penye mavumbi, kisha arudi nyumbani na viroboto wake. Jambo la ajabu ni kwamba mbwa mwenyewe mara nyingi haugui sana. Hupata homa kidogo, akapona, na damu yake hubaki na alama kwamba ugonjwa umepita. Kwa sababu hiyo wataalamu walichukua damu ya mbwa wa wilaya hii na kuipima, wapate kujua ni wapi tauni ipo ingawa hakuna mtu aliyeugua bado. Mbwa akawa shahidi wa daktari. Twampa heshima kwa kazi hiyo. Lakini shahidi mwenye viroboto hafai kulala chini ya benchi walipo watu wenye miguu mitupu, na kiroboto hajui kama mbwa aliyempanda ana adabu au hana.

Liko na jambo lililo kubwa kupita hilo, nalo ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu wakadiriwa kuua watu 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao wa Afrika na Asia, na katika kila 100 wanaokufa, 99 waliupata kwa mbwa. Katika kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikiisha kuonekana kwa mtu, dawa ya kumponya ni kama haipo.

Hapa hoja ya mwenye mbwa mpole yapata jeraha. Mate ya mbwa yaweza kuwa na sumu ya kichaa siku kadhaa kabla mbwa hajaonyesha dalili yoyote, na ndiyo sababu mbwa aliyemwuma mtu huangaliwa kwa siku 10. Tena kichaa si ukali tu. Kiko kichaa cha kunyamaza: mbwa apooza taya, ajificha, atoa udenda, na mwenyewe adhani amekwamwa na mfupa, atia mkono kinywani kuutafuta. Mwaona basi kwamba upole ni habari ya jana ya mbwa, wala si hati ya afya yake. Hati ni cheti cha chanjo.

Watu hutuambia, "Mbona Uingereza mbwa huingia mahali pa kula na kulala chini ya meza?" Ni kweli. Huko sheria yataka wanyama wasiingie mahali chakula kinapotengenezwa, lakini mahali pa kulia mwenye nyumba ndiye aamuaye. Walakini tuulize walifikaje huko. Katika karne ya kumi na tisa kichaa cha mbwa kiliua watu katika miji yao. Serikali iliamuru mbwa wafungwe midomo kwa kanda, watu wakanung'unika sana, lakini kufika mwaka 1902 ugonjwa ulikwisha. Mwaka 1918 ulirudi pamoja na mbwa walioletwa kutoka vitani, na kazi ikaanza tena hata mwaka 1922. Watu wale walimaliza kichaa kwanza, ndipo wakaanza kubishana juu ya meza. Sisi tukianza na meza tutakuwa tumeshika fimbo kwa ncha.

Wala msidhani kwamba kazi hiyo yatushinda. Kisiwani Pemba kampeni za kuchanja mbwa zilianza mwaka 2010, na mwaka 2014 kichaa kikatoweka. Mwaka 2016 kikaletwa tena, nao wakarudia kazi. Hesabu ya wataalamu ni kuchanja mbwa 70 katika kila 100, basi ugonjwa hukosa njia. Kuwatilia sumu mbwa wazururao hakuleti faida hiyo, maana nafasi ya waliokufa hujazwa na wengine wasiochanjwa, na watoto huziona maiti njiani.

Ninyi vijana, mkiumwa au hata kukwaruzwa na mbwa, msifiche kwa kuogopa fimbo ya baba. Osheni jeraha kwa maji mengi na sabuni muda wa dakika 15, mkaenda hospitali siku ile ile, mkamalize sindano zote. Mtoto Joseph Meister wa Ufaransa alikuwa na miaka 9 alipochomwa sindano za Louis Pasteur mwaka 1885, naye akaishi mpaka uzeeni.

Yuko mbwa mmoja ambaye twamtoa katika maneno yetu yote. Ni yule anayemwongoza kipofu. Shule ya kuwafundisha mbwa wa namna hiyo ilifunguliwa Ujerumani mwaka 1916 kwa ajili ya askari waliopofuka vitani, na huko Marekani sheria ya mwaka 1990 yampa ruhusa ya kuingia hotelini pamoja na bwana wake. Sisi tuna shule ya wasioona pale Irente. Siku mmoja wao akija gulioni na mbwa wa namna hiyo, aliyechanjwa na kusafishwa, mlango ufunguliwe, na asiyependa asogee benchi la pili. Yule ni macho ya mtu.

Mbwa wengine wote wakae nje ya hoteli na ya bucha, wawe wa mkulima wa Mlalo au wa mgeni aliyekuja kwa motokaa kupunga hewa Lushoto. Hatupendi kuona mbwa wa maskini akipigwa teke na wa tajiri akiwekewa mto. Njiani na gulioni twaona apite, akiwa amechanjwa, na akiwa mkononi mwa bwana wake. Mwenye hoteli naye asimfukuze mteja wake bure: asimamishe nguzo kivulini upande wa nje, aweke kopo la maji, na mwenye mbwa akae benchi la karibu na mlango apate kumwona mnyama wake anywapo chai.

Bwana mifugo akitangaza siku ya chanjo, mleteni kila mbwa, hata yule mzee asiyeondoka jikoni. Mfungeni kamba asipigane na wenzake. Ya katani yatosha, na katika mkoa wa Tanga haijakosekana.