Haki ya Mwenye Nyumba Mdogo ya Kusitisha Upangaji: Mada kwa Wenye Nyumba wa Tanga



Mada ya leo tumeiandaa kwa ajili ya watu ambao kwa kawaida hawahesabiwi kuwa wafanyabiashara wa majumba: mwenye nyumba ya vyumba sita pale Ngamiani anayelala chumba kimoja na kupangisha vitano, mstaafu wa bandari au wa shamba la mkonge aliyejenga Mikanjuni kwa kiinua mgongo chake, mjane anayesomesha wajukuu kwa kodi ya vyumba viwili vya uani. Kwao, chumba kinachokaliwa na mtu asiyelipa ni karo isiyolipwa na sufuria isiyojaa. Swali wanalotuuliza ni moja: "Nyumba ni yangu, je, ninaweza kumtoa mpangaji?" Jibu letu ni ndiyo, tena kwa wepesi kuliko zamani, maadamu utapitia notisi na baraza.

Wazee wetu wanakumbuka hali ilivyokuwa. Mwaka 1971 Serikali ilitwaa majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na maghorofa mengi ya katikati ya mji yakawa chini ya Msajili wa Majumba, kisha Shirika la Nyumba la Taifa. Wenye nyumba ndogo walibaki na nyumba zao, lakini walifungwa na sheria ya kudhibiti kodi. Chini ya Sheria ya mwaka 1984, kodi iliwekewa kiwango, na mpangaji hakuweza kuondolewa ila kwa amri iliyotolewa kwa sababu zilizoorodheshwa, kama vile malimbikizo ya kodi. Jirani zetu wa Mombasa wangali na sheria ya namna hiyo kwa nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 za Kenya kwa mwezi.

Kwa upande wa Tanzania Bara, sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo upangaji wa watu binafsi unaongozwa na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 pamoja na mkataba wenu wenyewe. Hapo ndipo wengi walipoteleza. Walisikia kwamba sheria ya kuwalinda wapangaji imefutwa, wakadhani mpangaji hana haki tena. Kilichofutwa ni udhibiti wa kodi na orodha ile ya sababu. Wajibu wa kutoa notisi, na haki ya mpangaji ya kukaa kwa utulivu hadi upangaji ukome kihalali, vimebaki.

Kwanza, tazama aina ya upangaji ulionao. Mkataba wenye muda maalumu hukoma siku iliyoandikwa. Kabla ya siku hiyo huwezi kuusitisha kwa sababu tu umepata mtu wa kulipa zaidi, isipokuwa mkataba wenyewe unaruhusu. Tunalisisitiza hili kwa kuwa upanuzi wa bandari na bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima hadi Chongoleani vimewaleta wageni wanaotafuta vyumba, na vishawishi vimekuwa vingi.

Pale pasipo maandishi, sheria huuhesabu upangaji kuwa ni wa vipindi, na kipindi hufuata namna kodi inavyolipwa. Kodi ikiwa ya mwezi, notisi isipungue mwezi mmoja, na muda wake uishie siku ambayo kodi hulipwa. Tuchukue mfano. Kodi hulipwa tarehe 1, nawe umetoa notisi tarehe 10 Machi. Mwezi unatimia tarehe 10 Aprili, lakini hiyo si siku ya kodi. Basi notisi yako iishie tarehe 1 Mei. Anayepokea kodi ya miezi sita kwa mkupuo bila mkataba ajue kwamba mpangaji anaweza kudai kipindi chake ni miezi sita. Vilevile, mkataba ukiisha nawe ukaendelea kupokea kodi mwezi baada ya mwezi, umezaa upangaji mpya, nao utahitaji notisi yake.

Pili, mpangaji akivunja masharti au akilimbikiza kodi, mwandikie notisi inayotaja kosa, kiasi anachodaiwa na muda wa kurekebisha. Mkabidhi mbele ya shahidi, naye asaini nakala. Mwenyekiti wa mtaa anafaa sana kuwa shahidi na mpatanishi, lakini hana mamlaka ya kuamuru mtu aondoke.

Tatu, akikataa kutoka, peleka shauri Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya mwaka 2021, baraza hilo husuluhisha tu, halitoi hukumu. Usuluhishi ukishindikana, litakupa hati ya kuthibitisha hivyo. Siku 30 zikipita bila suluhu, unaweza kuendelea hata bila hati hiyo. Hatua inayofuata ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Likikupa ushindi, utekelezaji hufanywa na dalali aliyeidhinishwa.

Tunajua njia hii inachosha. Hata hivyo, mwenye nyumba anayeng'oa mlango, kuezua mabati, kukata umeme au kutupa vyombo barabarani hujigeuza mdaiwa. Aliyekuwa akidai kodi ya miezi mitatu huenda akaamriwa kulipa fidia inayozidi kodi ya mwaka mzima.

Liko jambo jingine linalozisumbua nyumba nyingi za pwani, nalo ni mirathi. Mwenye nyumba akifariki, mrithi mmoja hawezi peke yake kumpa mpangaji notisi, wala mpangaji hatakiwi kuwalipa ndugu wanne kodi moja. Msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama ndiye mwenye mamlaka ya kupokea kodi na kusitisha upangaji. Familia iharakishe uteuzi huo kabla ugomvi haujaingia ukumbini.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mkataba wako utaje majina ya pande zote, chumba chenyewe, kodi na siku ya kuilipa, tarehe ya kuanza na ya kukoma, urefu wa notisi, na namna ya kurejesha kodi ambayo haijatumika endapo upangaji utasitishwa mapema. Ulipie ushuru wa stempu, kwa sababu mkataba usiolipiwa haupokelewi kama ushahidi mpaka ushuru na adhabu yake vilipwe. Toa stakabadhi kila upokeapo kodi, hata kwa mpangaji mliyezoeana naye miaka kumi.

Sheria ya leo imemwachia mwenye nyumba mdogo uhuru mkubwa wa kupatana na mpangaji wake, na kwa hiyo imeuweka mzigo wote juu ya kile mlichoandikiana. Mwenye mkataba, stakabadhi na nakala ya notisi huingia barazani na shauri fupi. Asiye navyo huingia na hadithi, na mpangaji naye ana ya kwake.