Kazi ya Tabibu Mdogo wa Viungo



Mvuvi wa Rusinga akipatwa na kiharusi, mkono ukalegea, jamaa zake husema, "Mwacheni apumzike." Huruma hiyo ni njema, lakini yaweza kumdhuru. Kiungo kisichotumika hukakamaa, na mgonjwa alalaye ubavu mmoja mchana kutwa huota vidonda.

Kuyazuia hayo ni kazi ya tabibu wa viungo, yaani mtaalamu wa fiziotherapia. Aliye mdogo kwa cheo hufanya kazi chini ya mkubwa wake. Hupima nguvu za misuli na mkunjo wa viungo, na kuyaandika. Kisha humketisha mgonjwa, humsimamisha, na kumfundisha kutembea kwa mkongojo. Mtoto mchanga mwenye nyayo zilizopinda humfunga plasta, nayo hubadilishwa kila juma mpaka miguu inyoke. Jambo asilolijua huuliza, habahatishi. Tena sheria ya Kenya ya mwaka 2014 yamtaka awe ameandikishwa.

Lakini tabibu hukaa na mgonjwa muda mfupi tu. Saa zilizobaki ni za jamaa. Kwa hiyo huwafundisha kumgeuza kila saa mbili na kumnyosha vidole pole pole. Kutoka Rusinga hata hospitali ya Homa Bay ni safari yenye nauli. Basi siku za katikati zisipotee bure. Haba na haba hujaza kibaba: mkono ulioshindwa na kijiko leo, huenda siku moja ukashika kafi.