Greda Isipande Mathenge: Mazungumzo kwa Vikundi vya Kazi, Kaunti ya Baringo



Mathenge haukuja Baringo wenyewe. Uliletwa mapema miaka ya 1980 kwa nia njema, ili nyanda za Marigat zipate kuni na kivuli, na upepo usipeperushe udongo. Mti ulistawi kupita kiasi. Mwaka 2006 wakaazi wa Ilchamus walifika mahakamani Nairobi na mbuzi asiye na meno, kuonyesha yale maganda matamu yalivyomfanya. Mwaka 2008 Serikali ikautangaza kuwa magugu hatari. Leo wazee wa Ng'ambo na Salabani wanaonyesha vichaka visivyopitika bila panga, wakisema hapa palikuwa malisho.

Hayo yanajulikana. Lisilosemwa sana ni kwamba mathenge husafirishwa pia na watu walio kazini, wakati mwingine wale wale waliotumwa kutengeneza ardhi.

Chukua greda. Wiki hii inalima barabara penye mathenge, wiki ijayo inapelekwa mahali pasipo hata mti mmoja. Tope lililoganda kwenye magurudumu na chini ya bledi lina mbegu. Lori nalo limepakia changarawe kutoka shimo lililozungukwa na mathenge. Mvua ikinyesha, miche inachipuka pande zote mbili za barabara mpya, na mbuzi wanasingiziwa.

Dawa yake haihitaji bajeti kubwa. Tope likwanguliwe na mashine ifagiliwe kabla ya kuondoka, si baada ya kufika, maana anayesafisha akishafika amekwisha kupanda. Isioshewe mtoni pia. Mto Perkerra unapeleka maji mashambani, na mbegu hufuata maji. Ikiwezekana, kazi ianzie mahali safi na kumalizikia penye mathenge. Mashimo ya changarawe yakaguliwe kabla ya lori la kwanza kupakia.

Mbuzi naye ana sehemu yake, si kidogo. Mbegu ina ganda gumu. Hupita tumboni nzima na kuangukia kwenye samadi, ambako huota vizuri. Mifugo iliyokula maganda ifungiwe bomani kama wiki moja kabla ya kupelekwa malisho safi, na samadi yake isipelekwe shambani ikiwa mbichi. Wanaouza maganda kama chakula cha mifugo wayasage kwanza hadi mbegu zipondeke. Gunia la maganda mazima ni gunia la mbegu.

Kuna na wachoma makaa. Kukata mathenge juu ya ardhi ni kuupogoa tu; shina moja hurudi na machipukizi mengi. Kisiki kichimbwe na kukatwa chini ya usawa wa udongo, na matawi yenye maganda yasiburutwe kupitia malisho ya jirani.

Baada ya mvua, kila kikundi kirudi pale kilipofanya kazi. Mche mchanga hung'oka kwa mkono ardhi ikiwa na unyevu. Ukiachwa, utahitaji shoka na vibarua wa kulipwa. Anayeuona mahali ambapo haukuwepo amjulishe afisa wa kilimo wa wadi au chifu siku hiyo hiyo.