Daftari la Mtoto

Akina mama na akina baba wa vikundi, leo tuzungumze juu ya pesa za watoto wetu.

Katika kikundi kila shilingi huandikwa. Mweka hazina akikosea shilingi 10, hatutoki mkutanoni. Lakini nyumbani je? Mtoto anafuga kuku wake, anauza mayai, halafu sisi wazazi tunamwambia, "Nikopeshe hizo, nitakurudishia." Haturudishi. Akiuliza, tunasema hana adabu. Hapo tumemfundisha nini? Kwamba kuweka hesabu ni kazi bure.

Basi tuanze hivi. Tumnunulie daftari, achore sehemu nne: tarehe, zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki. Akiuza mayai 6 kwa shilingi 15 kila moja, aandike 90. Akinunua kalamu ya shilingi 20, aandike zimebaki 70. Jumamosi jioni ahesabu pesa zenyewe mbele yetu. Zikipungua tusimchape, tutafute pamoja zilikoenda. Tangu M-Pesa ianze mwaka wa 2007, simu hutuonyesha salio, lakini haituambii kama tulinunua unga au soda. Daftari hutuambia.

Na sisi tukikopa kwake, aandike: "Mama, 50," pamoja na siku ya kulipa. Siku hiyo tulipe, hata kama ni kwa kujinyima.

Wazee walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Huyu ndiye mweka hazina wetu wa kesho.