Bustani ya ndani: tuanze na bidoni moja

(Mazungumzo na wanachama, Mugunga)



Wengi mumerudi, lakini shamba bado. Mumoja anapanga chumba cha mbao, mwingine nyumba yake iko juu ya mawe matupu ya volkano. Tangu kambi za mwaka 1994, jina la Mugunga linaendana na watu wanaohama. Ndiyo maana leo siongelei shamba. Naongelea mboga inayoota ndani ya bidoni, ambayo siku ya kuhama munaibeba.

Chombo kwanza. Bidoni ya lita 5 iliyopasuka inatosha. Ikate sehemu ya juu, halafu toboa matundu manne ao matano chini kwa musumari wa moto. Bila matundu mizizi inaoza. Ila bidoni iliyobeba dawa ya wadudu ao mafuta ya gari, hapana.

Udongo sasa. Vipimo viwili vya udongo mweusi, kimoja cha mbolea iliyooza vizuri (maganda ya jikoni, mavi ya sungura), na kimoja cha changarawe ndogo ya volkano. Ile changarawe tunayoilalamikia kila siku inasaidia maji kupita.

Hapo nawaomba musikilize sana: musitume watoto kuchimba udongo mashimoni asubuhi mapema. Mazuku munaijua. Ile gazi ni nzito kuliko hewa, usiku inajikusanya mahali pa chini, na jicho haliioni. Mtoto anainama kuchimba, hainuki tena. Chukueni udongo mahali pa juu, jua likiwa limetoka.

Mbegu musinunue bado. Vitunguu vinavyoanza kuchipuka jikoni, muvipande. Baada ya wiki mbili ao tatu munakata majani ya kutia kwenye mboga, na yanaota tena. Seleri ya sokoni yenye mizizi pia inashika. Lenga-lenga haitaki ndani, inataka jua: iweke mbele ya mlango, utaichuma baada ya wiki tatu ao nne.

Nyumba zetu za mbao ziko na giza. Weka bidoni karibu na dirisha ao mlango, uigeuze kila siku mbili. Mmea ukirefuka na kupauka, unakuambia unakosa mwangaza, siyo mbolea.

Maji tunayabeba mbali, kwa hiyo tumia yale ya kuosha mchele ao mboga, yasiyo na sabuni. Ingiza kidole kwenye udongo: ukiwa bado mubichi, ngoja. Maji yasikae kwenye sahani ya chini, mbu watazaa.

Wengine wanauliza kama mimea inamaliza hewa usiku na kuua watu. Hapana, bidoni chache hazifanyi hivyo. Kinachoua chumbani ni babula la makala ukilala umefunga mlango. Na mimea haisafishi moshi huo, wala haizuii mazuku.

Bidoni moja haishibishi nyumba, sitawadanganya. Inapunguza faranga za kitunguu na seleri, na inafundisha mkono kabla ya kuongeza ya pili. Wafadhili wetu, vyombo tunavyo. Kinachotushinda ni udongo mzuri na maji ya karibu. Mutusaidie hapo.