Roboti Iliyosita Ukingoni mwa Shimo

Katika mwaka 2014, huko Bristol, Uingereza, mhandisi Alan Winfield na wenzake waliiamrisha roboti ndogo iwazuie watu wasitumbukie shimoni, na watu hao walikuwa ni roboti nyingine zilizowekwa kwa niaba yao. Nayo, ilipokabiliwa na mmoja, iliitimiza faradhi yake barabara. Bali walipotokea wawili kwa pamoja, mara ilimwokoa huyu ikamwacha yule, na katika majaribio 14 miongoni mwa 33 ilitaradadi, ikageuka huku na huku, hata wote wawili wakaangamia.

Wako watakaodai kuwa tiba yake ni kuipa kanuni ya kuchagua upesi. Naam, lakini kanuni hiyo itaandikwa na binadamu aliyeketi mbali na hatari, ambaye atakuwa amekwisha kuamua ni nani atangulizwe, mtoto au mzee, kabla siku ya msiba haijawadia. Winfield mwenyewe alinena kwamba roboti yake haina hiari. Basi dhima haiwezi kuhamishiwa chuma. Nami nasihi kwa dhati kwamba, kabla vyombo vya namna hii havijaruhusiwa barabarani na hospitalini, waliovitengeneza walazimishwe na sheria kuidhihirisha kanuni waliyoitia ndani, ili atakayedhurika, au warithi wake, wajue ni nani wa kumshitaki mbele ya hakimu.